Ukitolewa tonsesi sauti inaenda wapi? Koo, pua na zile wiki mbili za mwanzo

Mtu anaambiwa na dokta tonsesi zako hizi bora zitolewe, basi kabla hajauliza gharama wala atalala wodini siku ngapi, swali la kwanza ni sauti yangu je? Na akiwa mwanakwaya ndo kabisa, huku kwetu Mbeya ambako ukitoka Uyole mpaka Mbalizi kila baada ya nyumba kadhaa unakuta kanisa na kila kanisa lina kwaya tatu, hilo swali nimeulizwa sana kwa vile nafundisha sauti za kwaya, na majibu yanayozunguka mtaani ni ya kutisha watu bure. Mara utakuwa bubu, mara utaongea puani maisha yako yote, mara soprano atageuka kuwa teno, yaani sauti ya kiume. Kuna ukweli kidogo umefichwa humo ndani ila umechanganywa na mambo mengi, ngoja tuyatenganishe.

Kwanza tujue kinachotolewa ni kipi, maana wengi wanachanganya tonsesi na kimeo. Simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, fungua mdomo useme aaa. Kale kanyama kanakoning'inia katikati ndo kimeo, hicho sio tonsesi. Tonsesi, au mafindofindo kama wazee wanavyosema, ziko mbili, moja kulia moja kushoto, zimejibana katikati ya kuta mbili za nyama pembeni ya koo, na kwa mtu mzima mwenye afya njema unaweza usizione vizuri kabisa. Oparesheni ya hospitali inatoa hizo mbili za pembeni, kimeo kinabaki. Ile ya kukatwa kimeo na fundi wa mtaani kisa mtoto anakohoa ni kitu kingine kabisa, haitibu tonsesi, haitibu kikohozi, na watoto wanatoka damu nyingi, wanapata pepopunda, wanaambukizwa magonjwa kwa kisu kilichotumika kwa mwingine. Nasema hivi kwa sababu nusu ya hadithi za "fulani alikatwa koo sauti ikaharibika" ukizifuatilia unakuta zilikuwa za kimeo.

Na sio kila koo linalouma linaenda kukatwa. Kigezo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kama umeugua tonsesi kweli kweli mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Nje ya hapo kuna wanaotolewa kwa sababu tonsesi ni kubwa mpaka zinaziba hewa usingizini, mtoto anakoroma halafu anakaa kimya sekunde kadhaa bila kupumua kisha anashtuka, kuna waliopata jipu pembeni ya tonsesi, na kuna mtu mzima ambaye tonsesi moja imekua upande mmoja tu na dokta anataka ikapimwe isije ikawa saratani. Ile hofu ya kwamba ukizitoa kinga ya mwili inaisha nayo ipunguze, tezi za aina hiyo ziko nyingi, nyuma ya pua zipo na kwenye shina la ulimi zipo, mwili unaendelea na kazi.

Sasa sauti. Sauti haitengenezwi kwenye tonsesi. Inatengenezwa chini zaidi, ndani ya koromeo, pale mwanaume anapoonekana ana kidude kinapanda na kushuka akimeza. Humo kuna nyuzi mbili za sauti, hewa ikitoka mapafuni inazitikisa, zikitikisika kwa kasi sauti inakuwa nyembamba, zikitikisika taratibu inakuwa nzito. Kisu cha kutoa tonsesi hakifiki huko. Kwa hiyo kama ulikuwa unafika noti fulani ya juu kabla ya oparesheni, mashine inayokupandisha kwenye hiyo noti haijaguswa, na tafiti zilizopima sauti kabla na baada kwa sehemu kubwa zinakuta kimo cha sauti kinabaki pale pale au kinasogea kidogo sana.

Kinachobadilika ni chumba. Chukua stoo ya viazi pale ikiwa imejaa magunia mpaka juu, ongea humo ndani, sauti inamezwa, inakuwa nzito imejifunga. Toa magunia yote ongea tena sehemu ile ile, utasikia inarudi na mlio, imefunguka. Wewe ni yule yule, kilichobadilika ni nafasi. Koo, mdomo na pua ndo hiyo stoo ya sauti yako, na tonsesi zikiwa kubwa ni magunia mawili yamekaa mlangoni. Ndo maana mtu mwenye tonsesi kubwa anaongea kama ana kitu cha moto mdomoni, na akitolewa ndugu zake wanasema sauti imekuwa nyepesi, imekuwa wazi, wengine wanasema nyembamba. Mwenye tonsesi ndogo ambazo tatizo lake lilikuwa kuugua ugua tu, tofauti inaweza isisikike kabisa.

Hiyo ndo habari ya muda mrefu. Ila hakuna anayeelewa habari ya muda mrefu siku ya pili akiwa kitandani anatoa sauti ya ajabu, kwa hiyo tuje kwenye siku za mwanzo ambako mambo matatu au manne yanatokea kwa pamoja na watu wanayaweka yote kwenye kapu moja wanasema "sauti imeenda".

La kwanza ni ule mpira wa kupumulia. Ukipigwa nusu kaputi unawekewa mpira unaopita katikati ya zile nyuzi za sauti kwenda kwenye njia ya hewa, ukitolewa unaacha michubuko midogo, unaamka na sauti ya kukwaruza. Hiyo inatokea hata kwa aliyefanyiwa oparesheni ya henia, haina uhusiano na tonsesi, na kawaida inaisha ndani ya siku chache. Ikivuka wiki mbili tatu bado unakwaruza tu, rudi wakuangalie koromeo kwa kamera.

La pili ni ulimi. Ili daktari aone vizuri anaweka chuma kinachoshikilia mdomo wazi na kukandamiza ulimi muda wote wa kazi. Ukiamka ulimi umevimba, unaweza ukawa na ganzi, taya linauma, na ladha ya chakula inakuwa kama chuma chuma kwa muda. Maneno yanatoka mazito kama mlevi, ndugu wanaogopa kumbe ni ulimi tu.

La tatu ni maumivu yenyewe. Mtu akiumwa koo anajikinga, anaongea bila kufungua mdomo, anakaza shingo, anakataa kumeza mate. Hiyo sauti unayoisikia ni ya mtu anayejilinda. Na hapa niseme kitu kwa wanakwaya, ukiambiwa pumzisha sauti haina maana unong'one siku nzima, kunong'ona kwa nguvu nako kunakaza koo, bora uongee kwa sauti yako ya kawaida ya chini, maneno machache, au andika kwenye simu.

La nne ndo linalotisha zaidi, kuongea puani. Nyuma ya kaakaa gumu kuna kaakaa laini, kile kipande cha nyama kinachoinuka na kuziba njia ya pua ukiongea au ukimeza. Baada ya oparesheni kipande hicho kimevimba, kinauma, kiko pembeni kabisa ya kidonda, kwa hiyo hakiinuki vizuri, hewa inatorokea puani, na ukinywa chai haraka inaweza ikatokea puani pia. Mtu akiona chai inatoka puani anajua basi wamemtoboa. Mara nyingi hawajamtoboa, ni mlango haufungi kwa sababu unauma, na wiki zikisogea unaanza kufunga.

Kuna kipimo rahisi unaweza kufanya nyumbani na kinafanana na wanachofanya wataalamu wa matamshi. Sema polepole "kaka kapita Kabwe saa sita", halafu bana pua kwa vidole urudie. Hiyo sentensi haina m wala n, kwa hiyo hewa haitakiwi kupita puani hata kidogo, sauti inatakiwa iwe ile ile ukibana usibane. Ukibana ikabadilika, hewa inatoroka. Sasa sema "mama amenunua nyanya Mwanjelwa" ukiwa umebana, hapo lazima iharibike, hata mzima wa afya itaharibika maana zile m na n na ny zinapita puani zenyewe. Na kama hiyo ya nyanya inasikika imeziba wakati hujabana chochote, hilo ni tatizo la upande wa pili, pua imeziba, mafua au uvimbe, wala sio kaakaa. Nimewahi kumfanyisha hiki kitu binti mmoja wa alto aliyekuja mazoezini anataka kulia, alikuwa anasema anaongea puani, tukabana pua akasema ya Kabwe, ikatoka safi kabisa, akarudia mara tatu haamini, kumbe alichokuwa anakisikia ni ile nafasi mpya tu.

Kwa watoto hali hii inaonekana zaidi, hasa wale waliotolewa na nyama za nyuma ya pua kwa pamoja. Mtoto alikuwa na sauti nzito ya mafua tangu anajifunza kuongea, mama ameizoea hiyo, siku anarudi kutoka hospitali anaongea kasauti kembamba ka juu kama katuni, nyumba nzima inacheka halafu baadaye wanaanza kuogopa. Wiki chache mpaka miezi miwili hivi kwa wengi inatulia. Wachache sana kaakaa lao lilikuwa na kasoro ya kuzaliwa iliyojificha, zile nyama ndo zilikuwa zinasaidia kuziba, zikiondoka tatizo linajitokeza, ndo maana daktari mzuri anachungulia na kupapasa kaakaa kabla ya kukata, na ndo maana kama mtoto aliwahi kuwa anatokwa maziwa puani alipokuwa mchanga unatakiwa umwambie dokta mapema, usisubiri aulize.

Sasa niwaambie kinachonikera. Watu wanahangaika na sauti wiki nzima, halafu kitu chenye hatari ya kweli hawakijui, nacho ni damu.

Kidonda cha tonsesi hakishonwi kikafunikwa, kinaachwa wazi kipone chenyewe. Siku moja mbili baadaye ukimulika tochi unaona utando mweupe au wa kijivu pande zote mbili, na mdomo unanuka vibaya. Huo sio usaha. Ni kigaga, sema kiko sehemu yenye maji maji ndo maana ni cheupe. Usikichokonoe na kijiti cha pamba, usikisugue na mswaki, usisukutue kwa nguvu na magadi wala chumvi kisa jirani kasema. Maumivu nayo hayashuki moja kwa moja kama watu wanavyotegemea, siku mbili za mwanzo unaweza kusema mbona kawaida, halafu kuanzia siku ya 3 mpaka ya 7 au 8 yanapanda, masikio yanauma kama yametobolewa ingawa masikio hayana kitu, ni kwamba mshipa wa fahamu wa koo na wa sikio ni ndugu, ubongo unachanganya. Kwa mtu mzima hesabu siku 10 mpaka 14, watoto wanawahi kidogo.

Kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi kigaga kinabanduka, na hapo ndo damu inaweza kutoka. Sio wengi, ni wachache kati ya kila wagonjwa 100, lakini ikitoka kweli haisubiri. Vitone vidogo kwenye mate vinatokea. Damu mbichi nyekundu ya kutema tema, au bonge la damu, hiyo unakaa wima umeinama mbele, unatema usimeze, unasukutua taratibu na maji baridi, na unaenda hospitali muda huo huo hata kama imekata ukiwa njiani, kwa sababu ndogo ya leo jioni inaweza kuwa ndo kengele ya kubwa ya usiku. Mtoto aliyelala ukamwona anameza meza kila mara bila sababu, muamshe umulike koo, anaweza kuwa anameza damu, na akitapika matapishi ya rangi ya kahawa nyeusi usiseme ni alichokula.

Kwa hiyo angalia jiografia yetu. Mtu ametoka Matamba, Ludewa, Chunya ndani ndani huko, kaja kufanyiwa hospitali ya rufaa mjini, siku ya pili anajisikia nafuu, anapanda gari anarudi kijijini. Siku ya 7 damu inatoka saa nane usiku, barabara ni ya vumbi au ni masika, gari hamna, na akifika lami anakutana na foleni ya malori ya Tunduma. Ushauri wangu na sitaubadilisha, kama una ndugu mjini hata wa mbali vipi, kaa kwake wiki mbili zote, Sae, Iyunga, Ilemi, popote pa kufika hospitali kwa bajaji. Wa Iringa na Njombe vile vile, usirudi shamba mapema. Shuleni na kazini ndo kabisa usiende, wiki mbili, na usibebe mizigo mizito wala kucheza mpira hizo siku.

Kuhusu kula, watu wanasubiri maumivu yaishe ndo wale na kunywa, hapo wanakosea, koo likikauka linauma zaidi na misuli inakakamaa, na mwisho unarudishwa wodini kuwekewa dripu. Kunywa, hata vijiko vijiko. Huku tumebarikiwa kwa kweli, parachichi la Rungwe au Njombe, ndizi za Tukuyu zilizoiva, viazi vya kuponda na maziwa, mtindi, uji uliopoa, mayai ya kuvuruga. Ndimu, chungwa, nyanya na pilipili vitakuchoma, hapo utajua mwenyewe. Madaktari wanatofautiana kuhusu vyakula vigumu, wengine wanakataza kabisa, wengine wanasema kula chochote unachoweza kutafuna, kwa hiyo fuata aliyekufanyia, ila makande ya wiki ya kwanza mi sikushauri. Na kwa ndugu zangu wa Iringa, ulanzi, ile pombe ya mianzi, uuache kwanza, hata kama ni msimu wake.

Dawa ya maumivu inywewe kwa saa, usisubiri mpaka uanze kulia, na bora nusu saa kabla ya kula. Parasetamo kwa uzito wa mtoto, na ibuprofeni kama dokta wako amekubali. Asprini hapana, inazuia damu kuganda na kwa watoto ina hatari nyingine kubwa. Na kuwa makini na dawa zenye kodeini, zikiwemo baadhi ya dawa za kikohozi za maji, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo kali kabisa kwa watoto waliotolewa tonsesi kwa sababu miili ya baadhi yao inaigeuza kodeini kuwa mofini haraka kupita kiasi na pumzi inakata. Antibaiotiki sio lazima kwa kila mtu, usizinunue duka la dawa kwa kuwa tu umeona utando mweupe.

Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 nayo ina lake. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, usiku hewa ni kavu na ya baridi, na mgonjwa wa tonsesi wiki ya kwanza anakoroma na kulala mdomo wazi sababu ya uvimbe, basi asubuhi koo ni kama mchanga. Lala umeinua kichwa, weka maji karibu, amka usiku unywe na dawa yako. Usiingize jiko la mkaa chumbani, moshi unachokoza kidonda na ile hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu wazima wenye makoo yao mazima.

Sasa wanaoimba. Kabla ya oparesheni fanya kitu kimoja, jirekodi kwa simu yako, chumba kile kile, ubeti mmoja wa wimbo unaoujua na aya fupi ya kusoma. Sababu ni kwamba unavyojisikia mwenyewe sivyo tunavyokusikia, sehemu ya sauti yako inapita kwenye mifupa ya kichwa mpaka sikioni, na nafasi ya koo ikibadilika wewe unahisi mabadiliko makubwa kuliko tunayoyasikia sisi tuliokaa mbele. Bila rekodi utabishana na watu mwezi mzima.

Wiki mbili za kwanza usiimbe. Kidonda kikishafunga anza na kuvumisha mdomo ukiwa umefunga, katikati ya sauti yako, dakika chache, ukihisi kuvuta au kuuma unaacha. Wiki ya 4 mpaka ya 6 wengi wanarudi mazoezini kawaida, ila noti za juu kabisa na zile nyimbo za kupaza sauti ziache zije mwisho, maana kovu linapokomaa linavuta vuta pembeni ya kaakaa na mtu akilazimisha anajifunza kukaza shingo, tabia ambayo baadaye inamsumbua kuliko tonsesi zilivyomsumbua. Kwaya zetu zina haraka, kuna mashindano, kuna pasaka, kuna kurekodi, mwalimu anasema njoo tu ujaze namba. Mi nasema mwache asimame bila kuimba, akisikiliza, ajifunze maneno. Wengine nimewaona wakirudi wanalalamika noti wanaipata lakini "haikai" pale walipozoea kuihisi, na hiyo ni kweli, koo lina umbo jipya na misuli imekariri umbo la zamani, inataka wiki kadhaa za mazoezi ya taratibu mpaka izoee.

Ikipita miezi mitatu na bado ile sentensi ya Kabwe inabadilika ukibana pua, au vinywaji bado vinapanda puani, rudi kwa daktari wa masikio, pua na koo na umweleze hivyo hivyo. Kuna mazoezi ya matamshi ya kuimarisha kaakaa, na kwa wachache sana ambao mazoezi hayatoshi kuna oparesheni ya kurekebisha. Nenda na rekodi mbili kwenye simu, ile ya kabla na nyingine utakayojirekodi baada, zitamsaidia kuliko maelezo yako ya nusu saa.